Saa Inahesabu Mtetemeko, Mgonjwa Mwenyewe Hajahesabiwa

Kila baada ya miezi michache habari ileile inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa sayansi: saa ya mkononi imegundua ugonjwa wa Parkinson miaka saba kabla ya daktari. Chini yake zinashuka emoji za makofi, kisha mmoja anauliza, "Wakuu, hii si tunaweza kuifanya kwa Arduino?" Jibu fupi ni ndiyo, mnaweza. Jibu refu ndilo ninaloliandika hapa. Nimezisoma tafiti hizi moja baada ya nyingine nikiwa hapa Makorora, Tanga, na kila nikimaliza moja nabaki na swali lilelile: saa hii ingemsaidia nani mtaani kwetu?

Nisieleweke vibaya. Tafiti zenyewe ni nzuri, na baadhi ni nzuri sana. Sisemi kwamba zimepima vibaya. Nasema zimejibu swali la watu wengine, na sisi tuko mbioni kunakili jibu kabla ya kuangalia kama swali letu ni hilohilo.

Kwa wasioujua ugonjwa wenyewe: daktari wa London aitwaye James Parkinson aliuandika mwaka 1817. Chini katikati ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo unaihitaji ili kuanzisha na kuendesha mwendo. Seli hizo zikifa kidogokidogo, mtu anakuwa mzito. Hatua zinafupika, mkono mmoja haurushwi akitembea, uso unakauka mpaka watu wanadhani amenuna, mwandiko unakuwa mdogo, kufunga vifungo vya shati inakuwa kazi ya robo saa. Na wengi wao, si wote, wanatetemeka mkono ukiwa umetulia. Vitabu vya Kiingereza vinaufananisha mtetemeko huo na mtu anayeviringisha kidonge kati ya dole gumba na cha shahada, mfano uliotoka enzi za wafamasia waliotengeneza vidonge kwa mikono. Huku kwetu nani amewahi kumwona mtu wa hivyo? Lakini mwambie yeyote wa Makorora "kama anavuta tasbihi ambayo haipo", atakuelewa hapohapo.

Mtetemeko huo una mwendo wake, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na ndiyo maana vihisi vinaupenda. Ndani ya saa janja, na ndani ya simu uliyoshika sasa hivi, kuna akseleromita: kipande cha silikoni chenye uzito mdogo mno ulioning'inizwa kwenye vispringi visivyoonekana kwa macho. Mkono ukisogea, uzito ule unabaki nyuma kidogo, umeme unabadilika, namba inaandikwa. Namba zikiandikwa mara 50 kwa sekunde, kompyuta inaweza kuzichambua na kuuliza: kuna kitu hapa kinachojirudia mara 4 hadi 6 kila sekunde? Kama kipo, kwenye grafu kinachomoza kilele kimoja kilichosimama peke yake kama mnara wa msikiti juu ya mapaa ya bati. Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Pakua phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, fungua sehemu ya spektra ya mchapuko, shika simu, tikisa mkono. Kilele hicho utakiona ndani ya dakika moja.

Sasa hapo ndipo penye mtego. Mtetemeko ni ishara safi, inajirudia, ina namba yake, mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kuinasa kwa kihisi cha MPU-6050 cha bei rahisi na kuchora grafu inayopendeza siku ya kutetea mradi. Uzito wa mwendo hauna kilele. Ukakamavu wa misuli hauna kilele. Mtu kukwama mlangoni, miguu imegoma kama imegandishwa sakafuni, nako hakuchoreki kirahisi hivyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hizi inapima kile kinachopimika, halafu inakiita ugonjwa. Lakini kama robo ya wagonjwa wa Parkinson hawatetemeki mkono uliotulia. Na hata kwa wanaotetemeka, ukali wa mtetemeko haufuatani vizuri na kiasi cha dopamini kilichopotea. Mzee anaweza kutetemeka sana na bado akaenda sokoni mwenyewe. Mwingine hatetemeki hata kidogo na hawezi kugeuka kitandani.

Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya Apple walichapisha katika jarida la Science Translational Medicine mfumo walioupa jina la MM4PD. Saa inavaliwa kutwa, inahesabu mtetemeko wa mkono uliotulia, na inahesabu pia kule kujinyonganyonga kwa mwili ambako huletwa na dawa yenyewe. Waliutengeneza na kuujaribu kwa wagonjwa 343, na 225 kati yao walifuatiliwa hadi miezi sita. Vipimo vya saa vilikwenda sambamba na alama za madaktari kuhusu ukali wa mtetemeko, kwa uwiano wa 0.80. Waliwavisha pia wazee wasio na ugonjwa, waone saa inatoa kengele za uongo mara ngapi; hatua hiyo wengi huiruka, na hapo nawavulia kofia. Halafu wakaangalia: mgonjwa akibadilishiwa tiba, saa inaona? Kwa asilimia 94 ya waliotathminiwa, mabadiliko yalilingana na alivyotarajia daktari. Kwa waliobaki, saa ilionyesha mahali ambapo dawa ingeweza kupangwa vizuri zaidi.

Soma tena maneno hayo: mabadiliko ya tiba. Utafiti mzima umesimama juu ya kidonge. Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na humezwa pamoja na carbidopa ili isiishie tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kichwani. Miaka ya mwanzo inafanya kazi vizuri ajabu. Baadaye inaanza kuisha nguvu kabla ya saa ya dozi inayofuata, na ikizidishwa mwili unajinyonga. Mgonjwa wa Marekani au Uingereza anamwona daktari wake labda mara mbili kwa mwaka, dakika chache, na siku hiyo ama ametoka kumeza dawa ama imeshaisha nguvu. Daktari anaona picha moja ya sinema ndefu. Saa inampa sinema nzima. Hilo ni tatizo la kweli na saa ni jibu la kweli. Januari 2023 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoamua teknolojia gani za tiba zitumike katika huduma ya afya ya umma, ilipendekeza vifaa vitano vya namna hii vitumike kwa masharti, huku ushahidi zaidi ukikusanywa. Kimojawapo ni PKG kutoka Melbourne, Australia, kinachovaliwa mkononi siku kadhaa na kutikisika saa ya dawa ikifika, kumkumbusha mgonjwa ameze.

Ameze nini, kama dawa hajawahi kuandikiwa?

Ukitaka kujua hali ya upande wetu, kazi ya kusoma kabla ya zote haina saa ndani yake. Ni ya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ilichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Movement Disorders na timu ya Catherine Dotchin na Richard Walker pamoja na wenzao wa Tanzania. Walizunguka nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071. Wahesabu watu walikuwa na dodoso fupi la dalili. Aliyeonekana na dalili akafuatwa na daktari na kupimwa kwa mikono na macho. Walipata wagonjwa 33. Hiyo ni kama 20 kwa kila watu 100,000, na ukirekebisha kwa umri ili ulinganishe na Uingereza inafika 40. Namba ni ndogo, sehemu ya sababu ikiwa ni kwamba watu wetu wengi ni vijana. Lakini namba iliyonisimamisha si hiyo. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Walikuwa wanaishi nao. Familia zao zilikuwa na maelezo mengine.

Maelezo hayo nayo yaliandikwa, mwaka 2011, na Gerry Mshana, Dotchin na Walker katika BMC Public Health, chini ya kichwa ambacho kwa Kiswahili ni kama "Tunauita ugonjwa wa kutetemeka". Ni mahojiano na wagonjwa, walezi wao, wahudumu wa afya na waganga. Kama umekulia pwani utajikuta unatikisa kichwa kukubali: ni uzee, ni kurogwa, ni damu, ni mambo ya Mungu. Mkono unaotetemeka sahani ya wali mbele ya wageni unamfanya mtu aache kula na watu. Hakuna akseleromita inayopima mtu kuacha kwenda barazani, ingawa nadhani hapo ndipo ugonjwa unapouma zaidi.

Kwa hiyo wenzetu wanauliza, "Dozi ya huyu ikoje leo?" Sisi bado tunauliza, "Nani anaumwa, na dawa iko wapi?" Hayo ni maswali tofauti, na kifaa kilichotengenezwa kwa la kwanza hakijibu la pili kwa sababu tu tumekifunga kwenye mkono mwingine.

Mtu atasema: basi tukitumie kugundua. Si ile habari ya miaka saba ndiyo inasema hivyo? Haya, twende kwenye habari yenyewe. Ni kazi ya Chuo Kikuu cha Cardiff, ilichapishwa Julai 2023 katika Nature Medicine. Walichukua data za watu 103,712 wa UK Biobank ambao kati ya 2013 na 2016 walivaa akseleromita mkononi kwa wiki moja, wakaangalia nani baadaye alikuja kuambiwa ana Parkinson. Mfumo wa kompyuta uliweza kuwatofautisha hadi miaka saba kabla. Kazi safi. Lakini kuna jambo ambalo habari za kwenye magrupu zinaliruka: kilichowasaliti watu hao hakikuwa mtetemeko. Kilikuwa kupungua kwa kasi ya mwendo wao wa kila siku. Walikuwa wamekuwa wazito kidogo kuliko wenzao wa rika lao, bila wao kujua. Yaani utafiti unaonukuliwa kuhalalisha miradi ya kupima mtetemeko umesema kitu kingine kabisa.

Halafu fanya hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Tuseme una kifaa kizuri ajabu: kinawakamata wagonjwa 95 kati ya 100, na kinawaacha salama wazima 95 kati ya 100. Namba hizi nimezichagua mimi, kwa mfano tu, na ni za ukarimu. Kivishe watu 100,000 wenye wagonjwa 20, kama Hai. Kitawakamata 19 kati ya hao 20. Vizuri. Kitawakamata pia asilimia 5 ya wazima 99,980, yaani watu 4,999. Una watu 5,018 walioambiwa wana dalili, na 19 tu ndio wagonjwa. Mmoja kati ya 264. Ukiwapima wazee wa miaka 60 na kuendelea peke yao uwiano unakuwa bora, lakini bado utakuwa umewatisha wengi kwa ajili ya wachache. Na hao wote wanatakiwa kwenda kwa nani? Vituo vya afya kama cha Makorora havikuwekewa daktari bingwa wa neva. Kutoka hapa mtu anapelekwa Bombo, na kama anahitaji bingwa safari ni KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam, kila moja kama kilomita 350 kwa basi. Mzee mzima anakwenda Moshi kuambiwa saa ilikosea.

Tena si kila mkono unaotetemeka ni Parkinson. Kuna mtetemeko ambao mara nyingi huenda kwa ukoo, unaotokea mkono ukiwa kazini, mtu akiinua kikombe au akiandika, na hutulia mkono ukipumzika. Duniani huo ni wa kawaida kuliko Parkinson, na timu ileile ya Hai iliuandikia makala yake peke yake mwaka 2008. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi mtu anatetemeka. Dawa za pumu zinatetemesha. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaleta hali inayofanana na Parkinson yenyewe. Kihisi kinachosema "mkono huu unatetemeka" kimekwambia kile ambacho mke wake alishakuona tangu mwaka juzi.

Kuna na suala la mikono yenyewe. Kwa haki, hapa akseleromita haina ile kasoro ya vihisi vya mwanga vya kupimia oksijeni, ambavyo huweza kukosea zaidi kwenye ngozi nyeusi. Uzito kwenye springi haujali rangi. Kinachojali ni mfumo wa kompyuta ulio nyuma yake, ambao umejifunza mikono hufanya nini kutwa kwa kuangalia mikono ya Marekani na Uingereza. Watu wa UK Biobank walitumiwa kifaa nyumbani kwa posta, wakakirudisha kwa posta. Nyumba zetu zimepata namba tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, lakini sijamwona bado mtu aliyeletewa kifurushi mlangoni kwa namba hiyo. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba mfumo ule haujawahi kuona mbuzi wa kukunia nazi. Haujaona mwanamke anayesuka ukili kuanzia alasiri hadi magharibi, vidole havitulii. Haujaona fundi cherehani mkono ukiwa juu ya meza inayotikisika, wala mtu aliyeshika usukani wa baiskeli kwenye barabara ya vumbi, na Tanga baiskeli ni miguu yetu ya pili. Haujaona abiria wa bajaji aliyetulia tuli huku bajaji ndiyo inayotetemeka. Na haujaona tasbihi, ambayo ni mwendo wa dole gumba na cha shahada unaojirudia, mkono ukiwa umetulia kwenye paja. Ukileta programu kutoka nje bila kuifundisha upya, ninaogopa wagonjwa wake wa kwanza watakuwa wacha Mungu.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ndio ninaotamani mtu aufanyie kazi. Daktari anayetafuta mtetemeko wa Parkinson anamweka mgonjwa akae, mikono juu ya mapaja, imelegea, halafu anampa kazi ya akili, kwa mfano kuhesabu kurudi nyuma, kwa sababu akili ikishughulika mtetemeko uliojificha hujitokeza. Sasa fikiria tahiyatu. Mtu amekaa, mikono juu ya mapaja, imetulia, anasoma maneno. Ni mkao uleule. Katika sala tano za faradhi kuna tahiyatu tisa kwa siku: moja alfajiri, mbili mbili kwa zilizobaki. Mkono wa kulia una kidole kinachonyooshwa, kwa hiyo wa kushoto ndio uliotulia zaidi. Hata mzee ambaye magoti yamekataa na anaswali kwenye kiti, mikono inarudi palepale. Na kuitambua sala katika data si ndoto, maana mkono unaoinuka takbira, unaoshuka magotini, unaogusa chini kwenye sijida una mpangilio usiofanana na kazi nyingine yoyote. Watafiti wa Saudi Arabia wameshachapisha kazi ya kutambua hatua za sala kwa akseleromita ya simu. Kwa hiyo badala ya kutafuta mtetemeko katika kelele za siku nzima, kukuna nazi na bajaji humo humo, ungeangalia vipande tisa vifupi ambavyo mgonjwa mwenyewe amejiweka katika mkao wa kipimo. Muda wa kuinuka kutoka sijida nao ungekupa kile kipimo cha uzito wa mwendo ambacho Cardiff wanasema ndicho kinachotangulia.

Sijaona kazi hiyo imefanywa pwani yetu. Ina miiba yake. Saa itajua nani hakuamka alfajiri. Unacheka, lakini imani ya mtu ni taarifa nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikutungwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake. Mzee akigundua mkwewe anaweza kuona kwenye simu kama ameswali au la, saa hiyo itaishia kabatini. Kwa hiyo uchambuzi ufanyike ndani ya kifaa, kitoke kipimo cha mtetemeko tu, saa na siku vibaki humohumo. Huo ni uhandisi mgumu na mtamu kuliko kuchora kilele kingine kwa Arduino. Na saa ya mkono wa kushoto lazima isogezwe wakati wa udhu ili maji yafike kwenye ngozi, mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo mkanda unaofungwa kwa bisibisi kama wa baadhi ya vifaa vya utafiti haufai.

Bado hatujafika kwenye dawa, na bila dawa kumtambua mtu ni kumpa jina la tatizo na kumrudisha nyumbani nalo. Levodopa pamoja na carbidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilohilo lilikadiria mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 wana Parkinson duniani, na limesema wazi kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini dawa hii haipatikani au haishikiki bei. Timu ya Hai haikuishia kuhesabu. Wagonjwa waliopatikana walianzishiwa dawa, na ufuatiliaji wa miaka mitatu ukachapishwa mwaka 2011. Huo ndio utaratibu ninaoutaka: unamtafuta mtu ukiwa na kitu cha kumpa.

Kuna mkato mmoja ambao wengi hawaujui. Upupu, ule unaowasha, unaotambaa kwenye vichaka vya mkoa huu, mbegu zake zina levodopa. Wanakemia wa India waliitoa humo mwaka 1937. Mwaka 2017 jarida la Neurology lilichapisha jaribio lililofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18, ambapo unga wa mbegu hizo ulioandaliwa kwa njia rahisi ulifanya kazi isiyopungua ile ya kidonge. Tafadhali usiende kuchuma na kumsagia babu: kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, hauna carbidopa ndani yake, na kichefuchefu si cha mchezo. Lakini angalia kinachotokea kwenye hoja yangu hapa. Pale ambapo dozi haitabiriki, saa inayoonyesha dawa imeanza saa ngapi na imeisha saa ngapi inakuwa kifaa cha lazima. Ile saa ya Apple niliyosema inajibu swali la wengine ingepata kazi yake Tanga, siku ambayo mtu atafanya jaribio la upupu hapa kwa kibali cha NIMR na daktari kando.

Kwa hiyo mwanafunzi akinijia na pendekezo la "mfumo wa gharama nafuu wa kufuatilia mtetemeko kwa wagonjwa wa Parkinson", sitamwambia aache. Nitamuuliza wagonjwa hao amewapata wapi, na nani aliwaambia wana Parkinson. Akisema atawatafuta yeye, basi aanze na dodoso kama la Hai, na kihisi kiwe cha daraja la pili: mhudumu wa afya anaona dalili, anamkalisha mtu dakika tano na simu iliyofungwa mkononi, mkono ukiwa umetulia kisha ukiwa umeinua kikombe, ili angalau atenganishe mtetemeko wa kupumzika na ule wa kazini kabla ya kumlipisha mzee nauli ya Moshi. Simu hiyo ipo tayari. Haihitaji saa ya Marekani wala bodi ya kuunganisha nyaya. Na apime uzito wa mwendo: kugonga vidole viwili sekunde kumi, kuinuka kitini, kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta na kurudi.

Halafu, kabla hajaandika sura ya kwanza, achukue daftari apite maduka ya dawa kuanzia Makorora, ashuke Ngamiani barabara moja baada ya nyingine, aulize levodopa na carbidopa. Aandike duka, nguvu ya kidonge, bei, na kama hawana aandike hawana. Arudi baada ya mwezi aulize tena.